Tenga la Kuvusha Watu

Edmund alikuwa na kinyaa cha kuzaliwa nacho. Sahani hata ikioshwa mbele ya macho yake, aliisuuza tena kabla ya kuilia. Akipewa kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mwanzi, alikizungusha mkononi akitafuta upande ambao midomo ya wenzake haijaufikia, na upande huo ukikosekana alisema tumbo linamsumbua. Kijijini kwao Kilolo walimwita Bwana Afya, wakamcheka mpaka wakachoka. Yeye aliwaacha wacheke, maana mtu asiyeuona uchafu utamweleza nini?

Lakini katika vyote vilivyomchefua, hakuna kilichoizidi plastiki. Alikuwa fundi wa matenga, na plastiki ilikuwa inamnyang'anya kazi mchana kweupe. Tangu utoto alipasua mianzi na kusuka matenga ya nyanya. Yalishuka Ruaha Mbuyuni yakiwa matupu, yakajazwa, yakapandishwa kwenye malori ya Dar es Salaam, na huko ndiko yalikoishia. Tenga halirudi. Likishafikisha nyanya sokoni, mama ntilie analipasua kuchochea moto, na mkulima anaagiza jingine. Kwa hiyo tenga husukwa haraka haraka, kwa mwanzi wowote ulio karibu na panga, wa masika au wa kiangazi. Baba yake alimfundisha hivyo, na hakuna mnunuzi aliyewahi kulalamika.

Sasa zikaja kreti za plastiki. Zenyewe zilikuwa zinarudi, na hapo ndipo zilipomkera zaidi, maana zilirudi na nyanya za safari iliyopita zimeganda kwenye pembe, nyeusi, zinatembea funza, na wapakiaji wanamwaga nyanya mpya juu yake bila hata kukung'uta. Edmund alizikuta siku moja zimerundikwa kando ya barabara kuu, nzi wamezivaa. Aligeuza uso, akatema mate. Watu wa mjini wanakula hayo na kushukuru juu yake.

Hapo hapo kando ya barabara ndipo Isakwisa alipomkuta. Isakwisa alikuwa ofisa wa shirika moja la mazingira lenye ofisi mjini Mbeya, mnene kidogo, mcheshi, amevaa fulana yenye maandishi mengi mgongoni. Alikuwa amesimamisha gari kununua vitunguu. Alilishika tenga moja la Edmund, akaligeuza, akaligonga kitako.

"Fundi, hili ukilivuta likawa refu, ukalipaka kitu cha kuzuia maji, si linaelea?"

"Linaelea," Edmund alijibu kabla hata hajafikiri.

"Na watu linabeba?"

"Nyanya zinazoingia humo wewe huzinyanyui. Watu ndiyo nini?"

Isakwisa alicheka, akampa mkono, akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga fijo, kaka yangu. Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta."

Kumbe shirika lilikuwa linataka mtumbwi. Si wa mbao, kwa sababu miti mikubwa ilikuwa hairuhusiwi kukatwa, wala si wa faiba. Mtumbwi rafiki wa mazingira, Isakwisa alisema, asilia asilimia mia: kila kitu kiwe kimeota ardhini au kimetoka kwa mnyama, hata dawa ya dukani isiuguse. Ungevusha watoto wa shule mtoni, huko Usangu, mbele ya Ubaruku. Lakini kwanza alitaka kuupeleka Mbeya kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Walikwenda pamoja kuuona mto, mvua zikiwa bado zinanyesha. Ng'ambo kulikuwa na kaya za wafugaji ambao wazee wao walihama na ng'ombe kutoka Usukumani. Mwenyeji wao aliitwa Nkuba, mwanamume mrefu mwenye mifugo mingi na maneno machache, na mkewe Mbuke, ambaye maneno aliyoyabakiza mumewe aliyasema yeye. Shule ilikuwa upande wa Ubaruku. Kiangazi watoto walipita mchangani kwa miguu. Masika walivuka kwa kivuko cha madumu.

Edmund alikitazama kivuko hicho akaziba pua. Yalikuwa madumu ya dawa ya magugu, yale yanayotupwa ovyo kwenye majaruba ya mpunga, yamefungwa pamoja kwa kamba za nailoni, na juu yake umelazwa mlango wa nyumba. Katikati ya madumu kumeota ute wa kijani. Dawa yenyewe ilikuwa bado inanuka, harufu ya kukwaruza koo. Kando, kwenye matope, ililala boti ya faiba iliyoletwa na mradi mwingine, imepasuka ubavu, imejaa maji meusi na vyura waliokufa. Aliigusa, ikamwachia vimiba vyake mkononi, akajikuna mpaka kesho yake.

Halafu akamwona Happy, binti mkubwa wa Nkuba, anarudi kutoka shule. Alikaa juu ya ule mlango na wadogo zake, akaanza kuvuta kamba iliyotandwa kukatiza mto. Katikati ya mto dumu moja likachomoka. Mlango ukainama. Happy akazama mpaka kidevuni, mkono mmoja umenyanyua begi la madaftari, mwingine umemkamata mdogo wake ukosi wa shati. Nkuba aliingia majini na nguo zake, akawavuta wote mpaka ukingoni. Hakupiga kelele. Ilionekana ameshazoea, na hilo ndilo lililomtisha Edmund kuliko dumu.

"Mwaka jana kiligeuka kabisa," Nkuba alisema akikamua shati. "Tuliwaokota wote. Ya mbele sijui, fundi."

"Masika yanayokuja hawatalikanyaga hilo dude," Edmund alisema. "Nakuapia."

Mianzi aliikata mwezi wa tano, kwa sababu Nane Nane haimsubiri mtu. Mwezi huo Kilolo bado ulanzi unagemwa. Shambani kwao mkewe, Frida, alikuwa ameshakata vichwa vya machipukizi na kuyavalisha mbeta, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia, na ulanzi ulikuwa unadondoka humo tone kwa tone, nyuki na nzi wanagombania. Edmund aliingia na panga, akaanza kuangusha mianzi iliyokomaa katikati ya mbeta za mkewe. Kila pigo lilimrushia maji matamu usoni, na yeye kila pigo alijifuta kwa kitambaa.

"Edmund, unaniulia ulanzi wangu!" Frida alimaka. "Kwa nini usingoje kiangazi kama wanaojenga?"

"Sijengi. Nasuka tenga."

"Tenga gani la kumaliza nusu ya shamba?"

"Tenga kubwa."

Hakuna mtu wa Kilolo asiyejua kwamba mwanzi wa paa au wa kihenge hukatwa kiangazi, ukiwa umepungukiwa sukari. Ukiukata wakati wa ulanzi, umejaa utamu, unawaalika bungua kwenye karamu. Edmund alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini mikono yake ilikuwa mikono ya matenga, na katika matenga bungua hawakuwahi kumhusu. Kabla mdudu hajamaliza kutoboa, tenga lilikuwa limeshageuka majivu Dar es Salaam. Alifunga mizigo yake akaipakia kwenye lori lililokuwa likienda Ubaruku kuchukua mchele.

Alisukia nyumbani kwa Nkuba, kwenye kibanda kilichopakana na zizi. Kazi yenyewe ilimnyookea. Aliupasua mwanzi fito fito, akasuka tumbo la mtumbwi kwa mtindo wa tenga, lakini ameukaza mpaka maji ya kikombe yakiumwagikia yanasita kupita. Tatizo lilikuja kwenye kupaka. Isakwisa alikuwa ameona kwenye simu watu wa mbali huko Asia wakipaka mitumbwi yao ya kusuka, akaleta madebe ya utomvu wa paini kutoka Mufindi.

"Utachanganya na mafuta ya ng'ombe," alimwelekeza, "na samadi."

"Samadi? Unamaanisha mavi."

"Kwenye ripoti tunaandika samadi, fundi."

Mafuta yalipoyeyuka sufuriani na utomvu ukaanza kuchemka, ule moshi uliingia puani na kukataa kutoka. Edmund alijifunga kitambaa usoni. Alipomwagiwa samadi mbichi kwenye karai mbele yake, bado ina joto la ng'ombe, alikimbilia nyuma ya zizi akatapika uji wote wa asubuhi. Alirudi macho yamemtoka machozi. Mbuke alikuwa amekaa chini kwa kucheka.

"Fundi, kwani nyumba yenu sakafu mnasiriba na nini?"

"Saruji."

"Basi pole. Sogea huko."

Akakunja mikono ya gauni, akaingiza mikono karaini mpaka kwenye viwiko, akaanza kukanda. Alikanda kama anayekanda unga wa maandazi, akipiga soga, akivunja mabonge kwa vidole, akidai utomvu uongezwe. Yeye ndiye aliyeupaka mtumbwi ule kwa nje, koti juu ya koti, huku Edmund akimwelekeza kutoka upande ambao upepo haukupeleka harufu. Ndani hawakupaka. Isakwisa alikataza, alitaka wageni wauone ususi kwenye picha.

Kazi ikiisha, Mbuke alinawa, akapika. Alishamwona mgeni wake anavyosuuza sahani, na badala ya kuudhika alikuwa kila siku anamwekea kando beseni la maji safi na sahani yake peke yake. Siku ya kuushusha mtumbwi kwenye lambo kuujaribu, wakakaa humo Nkuba na mkewe na watoto wote na usivuje hata tone, Edmund alikula nao akashiba, na alipokuwa anachokonoa meno akagundua kwamba hakuwa amesuuza sahani. Alijishangaa. Hakuwahi kula hivyo hata kwa wakwe zake.

Nane Nane ilimtia kichefuchefu kwa namna yake. Mtumbwi uliwekwa juu ya majani makavu chini ya bango refu, watu wakapita, wakaziba pua, wakapiga picha. Viongozi walikuja na hotuba za kulinda mazingira, kila mmoja na chupa yake ya maji mkononi, na chupa zilipokwisha walizidumbukiza humo humo ndani ya mtumbwi kwa kukosa pa kutupa. Edmund alizitoa kwa ncha za vidole viwili. Mtu mmoja aliuliza watoto watavaa nini cha kujiokolea wakianguka majini. Isakwisa alisema jaketi za kuokolea ni plastiki tupu, zingeharibu dhana nzima. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Edmund naye alitikisa.

Mtumbwi ulirudishwa Ubaruku ukahifadhiwa kwenye ghala la mashine ya kukoboa mpunga, kungoja mto ujae. Uzinduzi ukapangwa mwezi wa kwanza, siku ya shule kufunguliwa. Edmund alifika siku moja kabla, akakuta mtumbwi umeshapelekwa ukingoni, umefunikwa turubai. Mto ulikuwa umetanda, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda na matawi. Aliinua turubai.

Ndani kulikuwa na unga.

Ulikuwa unga laini kuliko sembe, njano iliyopauka, umejikusanya vichuguu vichuguu chini ya kila fito. Aliinama. Kila fito ilikuwa imetobolewa vitundu, vingi, vimejipanga, na kimya kilipomwingia masikioni akasikia wanavyotafuna, krr, krr, taratibu, hawana wasiwasi na mtu. Aliuminya ukingo kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Alipokichomoa kilitoka na kifunza cheupe, kinene, kimejikunja juu ya ukucha wake, kinang'aa kwa shibe ya sukari ya Kilolo. Samadi alishaitapika na ikaisha. Hiki kilichompanda sasa kilikataa kutoka, kwa sababu kilikuwa chake mwenyewe: ameusuka mtumbwi wa watoto wa watu kama tenga la nyanya.

Alimpigia simu Isakwisa, naye akaja na gari mpaka ukingoni. Aliutazama ule unga, akaangalia huku na huku kama mtu aliyekanyaga kitu cha aibu.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Isakwisa, hii haifai. Ahirisha."

"Niahirishe vipi? Mgeni rasmi ameshafika Mbeya, kesho alfajiri yuko njiani. Waandishi wanakuja." Alishusha sauti. "Koti la nje si zima?"

"Koti zima, mifupa imeliwa. Ni ganda tu."

"Basi paka na ndani. Funika hivyo vitundu. Watoto wanapanda, wanakwenda katikati ya mto, wanarudi, tunapiga picha, kwisha. Baada ya hapo nitaleta boti ya faiba kimya kimya, nani atauliza?" Akampiga begani. "Safari moja tu, fundi. Si ndiyo kazi yenu ya matenga?"

Edmund alitaka kumtemea mate usoni. Mate yalikuwepo mdomoni kabisa. Lakini nyuma ya kinyaa kulikuwa na kitu kingine, kinajificha huko kama kile kifunza: picha ya Nane Nane iliyobandikwa ukutani kwao, watu wa Kilolo walioacha kumwita Bwana Afya wakaanza kumwita mhandisi. Aliyameza mate. Akasema, "Nitafutie utomvu."

Mbuke alimkuta anachanganya. Alikuja mbio kutoka mashambani na jembe begani, uso umefunguka.

"Fundi! Kumbe hujatusahau! Sasa unafanya nini tena?"

"Napaka na ndani," alisema bila kumtazama. "Iwe imara."

"Mbona huogopi leo? Mikono yote imo!" Kweli mikono yake ilikuwa karaini, imezama kwenye samadi, wala hakuwa ameisikia harufu. Mbuke alilaza jembe. "Lete, wewe unapapasa tu. Hii kazi yangu."

Angeweza kumwambia. Neno lilikuwa fupi. Badala yake alisogea akampisha, na Mbuke akapiga magoti ndani ya mtumbwi, akaufuta ule unga kwa kiganja akidhani ni vumbi la ghala, akaanza kuziba. Alipaka kwa upendo, kwa sababu palikuwa mahali pa kukalia wanawe. Alisawazisha kila pembe kwa vidole. Edmund alimkandia, akamsogezea, akamsifu. Kabla jua halijazama kazi ilikuwa nzuri sana, laini, nyeusi, inang'aa, na kila alipoitazama alijisikia kama mtu aliyekunywa maji ya kuoshea nguo.

Mbuke alinawa, wakavuka kwa madumu mpaka nyumbani, akapika wali na maziwa ya mgando. Sahani ya Edmund iliwekwa mahali pake na beseni lake la maji safi. Happy alileta sare yake mpya kumwonyesha, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa kupanda wa kwanza. Nkuba, ambaye hakuwa mtu wa kusema, alisema, "Fundi, tangu huyu mama aingie kwangu, sijaona masika amelala usingizi. Leo nadhani atalala." Edmund alikula. Alikula mpaka ukoko, kwa sababu kuacha chakula kungemfanya aulizwe.

Asubuhi spika zilifungwa kwenye mti, turubai likatandwa, viti vikafunikwa vitambaa. Mgeni rasmi alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Alisema leo plastiki imeagwa rasmi katika mto huu. Isakwisa alikuwa anawapanga watoto kwa urefu, anawafuta nyuso kwa leso yake mwenyewe, anawaambia watabasamu kushoto ilipo kamera. Mtumbwi ulikuwa umesukumwa majini, umefungwa kwa kamba, unayumba. Ulipendeza. Watu waliusifu, na Edmund aliyekuwa amesimama nyuma kabisa alitamani aoge.

Happy alikanyaga ukingo. Chini ya mguu wake kitu kikalia, sauti ndogo kavu, ambayo hakuna aliyeisikia isipokuwa fundi.

"Shuka," Edmund alisema.

Spika zilimmeza. Happy alitia mguu wa pili, akageuka kuwapungia wadogo zake waje.

"Happy, toka humo! Toka!"

Alishapita katikati ya viti, ameangusha mtu, yuko majini. Alimbeba yule mtoto kiunoni akamweka nchi kavu, kisha akaruka ndani ya mtumbwi na kuupiga kisigino kwa nguvu zake zote. Haukutoboka. Kazi ya jana ilikuwa imeshika, imeshika barabara, na Edmund aliichukia jinsi alivyoifanya vizuri. Alipiga tena. Mara hii mguu ulipita mpaka gotini. Maji yalipanda yakajaa tumbo la mtumbwi, na juu yake ukaelea ule unga wa njano, na ndani ya unga vifunza vyeupe vinajinyonganyonga. Aliendelea kukanyaga huku na huku mpaka ubavu mzima ukafunguka, wenye spika wakazima wimbo.

"Fundi amechanganyikiwa," Isakwisa alisema kwa kicheko kisichokuwa na pumzi. "Jua kali, jamani. Mtoeni."

Lakini mgeni rasmi hakuwa mjinga. Alishuka mpaka ukingoni, akatazama unga, akatazama vifunza, akanyoosha mkono kuwazuia watu. "Mwacheni. Huyu ameona kasoro akawaokoa watoto wetu mbele ya kadamnasi, kwa kuiharibu kazi ya mikono yake mwenyewe. Mafundi wa namna hii mnao wangapi?" Akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Makofi yakaenea mpaka kwa akina mama waliokaa chini, vigelegele vikapanda, na Edmund aliyesimama majini mpaka mapajani alisikia joto la yale makofi likimwingia mwilini, tamu, akaliacha liingie. Alijiona kabisa analiachia liingie, akainua hata mkono kidogo kuwaitikia.

Mbuke hakupiga makofi. Alikuwa amemkumbatia Happy. Alimwachia, akaingia majini, akaokota kipande cha mtumbwi kilichokuwa kinaelea. Alikivunja. Kilivunjika kama mkate mkavu, kikatoa unga, ila koti la ndani lilibaki limening'inia, bado na unyevunyevu, na alama za vidole vyake juu yake.

"Fundi. Hii ni ya jana."

"Ndiyo, mama Happy."

"Jana wakati tunapaka, hawa wadudu walikuwemo?"

"Walikuwemo."

Nyuma yake Isakwisa alikuwa anatikisa kichwa, anamkonyeza anyamaze. Makofi yalikuwa yamepungua kwa sababu watu walitaka kusikia.

"Ulikuwa unajua?"

Angesema hapana, na wote pale wangemwamini. Mgeni rasmi alikuwa ameshampa njia.

"Nilikuwa najua."

Mbuke alimsogelea na kile kipande mkononi. "Na ukala kwangu," alisema.

"Nikala."

Nkuba aligeukia pembeni, akatema mate, akaenda kukitazama kivuko chake cha madumu kama kamba zitashika. Mbuke alitupa kile kipande, akachuchumaa kwenye kina kifupi, akachota mchanga wa mto, akaanza kusugua mikono. Alisugua viganja, akasugua katikati ya vidole, akapanda mpaka kwenye viwiko, akachota mchanga mwingine akarudia, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Happy alichuchumaa karibu naye, akamchungulia mikono.

"Mama, mbona ni safi? Una nini mikononi?"

"Jana nilimsaidia fundi," alisema Mbuke, akachota mchanga mwingine.